Zambeta na Mitihani Aliyompa Mungu

Zambeta alikuwa mtu wa sala. Hata Kaliopi jirani yake, ambaye hajawahi kumsifia mtu akiwa bado anapumua, hilo alilikubali. Shida ilikuwa namna yake ya kusali. Watu wengine wa kijiji chetu cha Anoskali wakitaka Mungu awaonyeshe njia, wanapiga magoti, wanaomba, wanarudi kwenye shughuli zao. Zambeta alikuwa anampa Mungu mtihani.

Alisimama mbele ya picha ya Bikira Maria kwenye kona ya chumba, akaongeza mafuta kwenye taa, akajipangusa mikono na kusema hivi: "Bwana, ukitaka nimnunue yule mbuzi mweupe, kengele ya kanisa ilie kabla jogoo wa Kaliopi hajawika. Kama hutaki, jogoo aanze." Kisha akakaa kwenye kiti kusubiri, mikono mapajani, macho dirishani, kama mwalimu anayechunga wanafunzi wasiibiane majibu.

Na Mungu alikuwa anafaulu karibu kila mara. Yule jogoo alikuwa na akili pungufu, anawika kukipambazuka, anawika mchana, anawika akiona kivuli chake mwenyewe. Kwa hiyo Zambeta akitaka jibu liwe "usinunue," alijua jogoo ampe kazi gani. Akitaka "nunua," alisubiri kwanza amwone padri anatembea kuelekea kwenye kamba ya kengele, ndipo anaanza kuomba. Hakuona kama ni udanganyifu. Aliona ni kumrahisishia Mungu, ambaye ana mambo mengi.

Hata mume alimpata hivyohivyo. Alipokuwa msichana, Sifis alipoleta wazee wake kumposa, Zambeta aliomba moto wa taa uinamie upande wa nyumba ya kina Sifis kama ndiye. Akafungua dirisha la upande wa pili, ule unaoingiza upepo wa mlimani, na moto ukainama kama mtu aliyevutwa shati. Mama yake alikuwa palepale anamenya maharage. Aliona dirisha, akaona moto, akaendelea kumenya, maana na yeye yule kijana alimpenda. Ikawa ndoa nzuri. Sifis alikuwa mpole, fundi wa kupogoa mizeituni, mkoromaji wa kimataifa, na alikufa akiamini amechaguliwa na Roho Mtakatifu peke yake.

Baada ya mazishi Zambeta akavaa nguo nyeusi na kitambaa cheusi, kama wajane wetu wote wa milimani hapa kisiwani Krete, akabaki hivyo miaka na miaka. Binti yake Argiro alikuwa ameolewa Pirea, mji wa bandari ng'ambo ya bahari. Nyumba ikabaki na Zambeta, taa, na ile picha.

Akabaki pia na sifa ya keki. Sisi Anoskali kila mwaka tunaoka keki za Mtakatifu Fanurio, yule anayeombwa amwombe Mungu akufunulie jambo lililofichika: funguo zilizopotea, punda aliyetoroka, mchumba, njia ya kwenda. Keki za kijiji cha chini tunaziheshimu pia, zinafaa kuegemeza mlango upepo ukiwa mkali. Lakini keki ya Zambeta ukiionja unasamehe watu ambao ulishaapa hutawasamehe. Iwe na vitu tisa, siyo nane wala kumi: unga, mafuta ya zeituni, zabibu kavu, maji ya machungwa na kadhalika. Maziwa hakuna, siagi hakuna, mayai hakuna, kwa sababu ni keki ya mfungo, na mfungo kwetu, kila Jumatano na Ijumaa, ni kutokula nyama, maziwa, siagi wala mayai. Unaipeleka kanisani, padri anaibariki, halafu inakatwa na kuliwa na watu wote. Anayekula anasema, "Mungu amsamehe mama yake Mtakatifu," maana inasemekana huyo mama alikuwa mchoyo hata wa jani la kitunguu, na ndiyo sababu keki lazima igawiwe. Keki yako hairudi nyumbani nawe. Ikirudi, ni kama umesali na hakuna aliyeitikia amina.

Basi, kiangazi kimoja, Manusos alimkuta Zambeta bombani pale uwanjani anajaza ndoo.

Manusos alikuwa mfuga mbuzi wa mazizi ya juu, mjane kama yeye, hana mtoto. Ana sharubu za kuweza kufagilia kanisa, na harufu yake inatangulia kukusalimia kabla hajafika. Tangu masika alikuwa anamletea Zambeta jibini kila Jumamosi, jibini zima la mviringo, anasema ni kipande kilichobaki.

Siku hiyo hakuleta jibini. Alivua kofia, akaishika kwa mikono miwili.

"Zambeta," akasema, "baridi ya mwaka huu sitaiweza peke yangu. Mpwa wangu ananiita mjini Iraklio nikakae kwake, ghorofa ya nne. Mnunuzi wa mbuzi nimeshaongea naye, lori lake litapanda sikukuu ya Mtakatifu Fanurio ikiisha. Lakini kama wewe utakubali tuzeeke nyumba moja, kwa baraka ya padri, siendi kokote. Usinijibu sasa. Nijibu kabla ya lori."

Zambeta akaacha maji yamwagike. "Umemaliza?"

"Nimemaliza. Nilifanya mazoezi mbele ya mbuzi. Kule yalitoka vizuri zaidi."

"Na mbuzi walijibu nini?"

"Walikubali wote. Ila yule wa pembe moja alisema nioge kwanza."

Zambeta alicheka mpaka akashika bomba. Akabeba ndoo yake, na alipofika nyumbani akakuta bado anacheka, na hapo ndipo alipoogopa. Kwa sababu alijijua. Alimtaka yule mzee, na harufu yake na yote. Lakini je, kutaka kwake ndiyo kutaka kwa Mungu? Mbuzi mweupe ukikosea unauza. Hapa kulikuwa na binadamu mwingine, kulikuwa na jina la Sifis, kulikuwa na roho yake mwenyewe. Akikosea kwa kukubali, atajuta na mtu ndani ya nyumba. Akikosea kwa kukataa, Manusos atapandishwa ghorofa ya nne mahali ambapo hajui hata mbuzi mmoja.

Kwa hiyo akaapa safari hii hakuna kumrahisishia Mungu. Mtihani wa haki, madirisha yamefungwa.

Akaanza na jogoo na kengele. Kengele ikalia. Akasubiri. Kimya. Akatoka nje kumuuliza Kaliopi jogoo ana nini.

"Ana viazi," Kaliopi akasema. "Nimempika Jumatano. Kelele zake zimenishinda."

Akajaribu taa. Moto ukasimama wima kama askari wa gwaride, haukuinamia popote. Akaomba kama ni ndiyo, mbayuwayu aingie ndani. Aliingia paka wa Kaliopi na nusu ya mjusi mdomoni. Hilo halikuwemo kwenye mtihani kabisa.

Argiro akapiga simu kutoka Pirea. Habari zilikuwa zimeshashuka mlima na kupanda meli.

"Mama, ni kweli?"

"Nini?"

"Yule wa mbuzi."

"Bado namuuliza Mungu."

"Mama, watu watacheka."

"Watacheka hata nisipoolewa, mwanangu. Ndiyo kazi yao, na wanaifanya kwa bidii."

"Na baba je?"

Hapo Zambeta alisema chungu kinaungua, na hakukuwa na chungu motoni.

Kesho yake akaenda kwa Padri Evmenios. Alimkuta ndani ya kanisa anakwangua nta kwenye kinara cha mishumaa, amekunja mikono ya kanzu. Padri huyu alikuwa kijana wa palepale, mnene, mwenye macho ya usingizi. Zambeta aliwahi kumkimbiza na fagio kwa wizi wa tini alipokuwa bado anavaa kaptura, kwa hiyo heshima aliyompa ilikuwa kamili siku za Jumapili tu.

"Padri, Mungu hanijibu."

"Umemuuliza nini, Mama Zambeta?"

Akamweleza. Jogoo, taa, mbayuwayu, paka. Padri alikwangua nta kwa muda, mabega yanamtikisika.

"Unacheka."

"Nalia kwa ajili ya jogoo." Akaweka kisu chini. "Nikuulize. Ukimpigia Argiro simu, unaongea halafu unakata, au unamwacha na yeye aongee?"

"Namwacha. Ila aongee haraka."

"Mungu humwachi hata kwa haraka. Unamuuliza swali, na majibu unamchagulia wewe: jogoo au kengele, kulia au kushoto. Akitaka kukuambia kitu ambacho hukukiwaza, atapita wapi?"

"Sasa nifanyeje, wewe mtoto? Lori linakuja."

"Omba kama Bwana alivyoomba bustanini. Mwambie unachotaka, usimzungushe, anajua. Kisha mwambie mapenzi yake yatimizwe. Kisha nyamaza."

"Mpaka lini?"

"Mpaka uache kuangalia saa."

"Na sauti yake nitaijuaje?"

Padri Evmenios akajikuna ndevu, nta ikabaki humo. "Mimi sijawahi kuisikia kwa masikio, Mama Zambeta, nisikudanganye. Ila kuna kitu nimekiona. Mawazo yangu mwenyewe yananifanya nijitazame mimi: nitaonekanaje, nitapata nini. Yanayotoka kwake yananigeuza shingo nimwone mtu mwingine. Zaidi ya hapo sijui. Na keki uoke, ila mwaka huu usiiwekee masharti."

Zambeta alirudi nyumbani hakuridhika. Kama angetaka kuambiwa "sijui" angebaki na Kaliopi. Lakini jioni akajaribu. Akawasha taa, akakaa, akanyamaza.

Nawaambieni, Zambeta kunyamaza ni kazi kuliko kuvuna zeituni za mlima mzima. Kwanza akawaza dengu alizoloweka. Kisha goti. Kisha akajiuliza yule jogoo alikuwa na ladha gani baada ya kuwika kote kule. Alipochoka kujirudisha, akasema kwa sauti, kama anavyoongea na mtu aliyekaa kiti cha pili, kile kilichobaki kitupu tangu mazishi:

"Bwana, namtaka. Nimesema. Namtaka kwa sababu ananichekesha na kwa sababu nyumba hii jioni inanitisha. Na Sifis nampenda bado, hilo nalo unalijua. Sitaki kukutangulia. Kama siyo, nizuie. Kama ndiyo, nisukume, maana mimi peke yangu mguu hauendi."

Akalia kidogo. Hakuna kilichoinama, hakuna kilichoingia. Kwa mbali, kule juu, kengele za mbuzi wa Manusos zilikuwa zinashuka kwenda zizini. Alizisikiliza mpaka zikaisha, na usiku ule alilala kama mtoto. Jioni iliyofuata akakaa tena, na iliyofuata pia. Hakupata jibu. Alichopata ni kwamba hakuogopa tena kile kiti cha pili.

Mkesha wa Mtakatifu Fanurio mwaka huo uliangukia Ijumaa. Kanisa dogo la Mtakatifu lipo mwisho wa kijiji, na meza ndefu ilitandikwa uani, kila keki na mshumaa wake katikati. Ya Zambeta ilikuwa inanukia mdalasini na machungwa mpaka nyuki wakaja kwenye ibada. Hakuiwekea masharti. Alipoitoa kwenye oveni alisema tu, "Haya, nionyeshe," akaifunika kitambaa.

Watu walikuwa wameshajaa ndipo Manusos akatokea. Alikuwa ameoga. Tunalisema kwa sababu lilisemwa uani mara nyingi kuliko sala. Shati jeupe lenye kola, sharubu zimechanwa, na mikononi sinia lililofunikwa kitambaa cha kuchujia jibini. Akalifunua. Ilikuwa keki, au ndugu wa keki. Upande mmoja imeinuka kama kilima, upande mwingine imeungua.

"Manusos," akasema mmoja wa wazee, "umepoteza mbuzi gani mpaka umeoka?"

"Sijapoteza," akasema Manusos. "Naogopa kupoteza."

Wanaume wakacheka, wanawake hawakucheka. Kaliopi akainama akanusa.

"Umeweka vitu vingapi humu?"

"Tisa, kama inavyotakiwa."

"Vitaje."

"Unga. Sukari. Zabibu. Lozi. Mdalasini. Chumvi." Akafikiri. "Maziwa, siagi na mayai."

Ijumaa. Maziwa, siagi na mayai, Ijumaa, mbele ya mlango wa Mtakatifu. Padri hutufumbia macho kwenye mafuta ya zeituni, ambayo kwa kanuni nayo hayaliwi siku ya mfungo, lakini siagi ya mbuzi ni kitu kingine, macho hayawezi kufumbwa kiasi hicho.

"Wewe mtu," Kaliopi akasema, "hufungi?"

"Nafunga. Leo nimekula zeituni na mkate mkavu." Manusos alikuwa amepauka. "Sikuifikiria kama chakula. Nilidhani kwa Mtakatifu unapeleka kilicho bora ulicho nacho. Na mimi kilicho bora ni maziwa ya yule wa pembe moja."

Padri Evmenios alitoka, akaziangalia keki zote, akaiangalia ile moja, akavuta pumzi, akazibariki zote pamoja bila kubagua. Kisha visu vikaanza. Keki ya Zambeta ilikwisha kabla hujafunga kiatu. Za wengine zikafuata, watu wanatafuna na kumwombea msamaha yule mama mchoyo. Keki ya Manusos ilibaki nzima, mshumaa wake unawaka juu ya kilima. Watu waliizunguka vizuri, kwa adabu, kama mtu anavyozunguka dimbwi. Manusos alisimama nyuma ya sinia, kofia mikononi, anaangalia viatu vyake. Alikuwa na sura ya mtu ambaye tayari yuko ghorofa ya nne.

Zambeta hajawahi kuvunja Ijumaa maishani mwake. Siku aliyomzaa Argiro ilikuwa Ijumaa, mkunga akamletea maziwa ya moto, akayasukuma pembeni na kuomba zeituni. Hilo kijiji kizima kinalijua, maana yeye mwenyewe alilitangaza.

Akachukua kisu. Akazima mshumaa kwa vidole, akakata kipande, siyo kidogo.

"Zambeta," Kaliopi akanong'ona, "leo Ijumaa."

"Najua leo ni siku gani."

Akakitia mdomoni. Kilikuwa na chumvi ya kutosha kutengeneza jibini zima, na nyuma ya chumvi kulikuwa na mbuzi, na nyuma ya mbuzi, mbali sana, mdalasini. Akatafuna mpaka mwisho, akameza.

"Mungu amsamehe mama yake Mtakatifu," akasema. Kisha akamgeukia Manusos. "Chumvi umezidisha kidogo."

Akakata kipande cha pili, akampelekea Kaliopi.

"Mimi sili," Kaliopi akasema.

"Shoga yangu, jogoo ulimpika Jumatano, na Jumatano nayo ni siku ya mfungo. Harufu ilifika mpaka kwangu. Shika."

Kaliopi akashika. Watu wakaangalia upande wa padri. Padri Evmenios alikuwa amewapa mgongo, anaitengeneza taa ya mlangoni ambayo haikuwa na tatizo lolote, na alikuwa anaitengeneza kwa uangalifu mkubwa. Halafu, bila kugeuka, akanyoosha mkono nyuma ya mgongo, kiganja wazi. Zambeta akamwekea kipande. Baada ya hapo likawa foleni. Yule mzee wa utani alikula viwili, akasema amekula vibaya zaidi jeshini.

Sinia lilipobaki makombo matupu, ndipo Zambeta akajiona amesimama upande ule wa meza, pembeni ya Manusos, kisu mkononi. Hakukumbuka amefikaje. Hakuomba ishara. Hakufikiria Argiro, wala watu, wala sifa yake ya kutovunja mfungo. Aliona tu mtu amesimama peke yake na alicholeta, na mguu ukaenda.

Akasimama pale, akanyamaza, na safari hii kunyamaza hakukuwa kazi. Sifis angekuwepo, alijua, angekuwa wa kwanza kuuliza kama kuna kipande kingine.

"Manusos," akasema.

"Nisamehe, nimekuvunjia mfungo."

"Mwambie mwenye lori asipande."

Manusos akamwangalia. "Asipande kabisa, au asipande wiki hii?"

"Kabisa. Na mwambie yule wa pembe moja kwamba umeoga, mimi ni shahidi."

Sharubu zikatetemeka. Kaliopi, mdomo umejaa siagi ya Ijumaa, akajifuta macho na kusema ni chumvi.

Wakati watu wanatawanyika, padri alimpitia Zambeta karibu. "Mama Zambeta, Ijumaa ijayo itabidi ufunge vizuri."

"Nitafunga na yako pia," akasema Zambeta. "Wewe ulikula kipande kikubwa kuliko changu."

Jioni akampigia Argiro, akamweleza yote, pamoja na ladha. Upande wa pili palikuwa kimya muda mrefu, na Zambeta, kwa mara ya kwanza, hakumharakisha. Mwishowe Argiro akauliza harusi ni lini, ili ajue kukata tiketi ya meli, na kama itawezekana keki aoke mtu mwingine.

Waliozeshwa kabla ya mavuno ya zeituni. Zambeta alivua nyeusi akavaa kahawia, na Kaliopi akasema kahawia haimpendezi, maana yake ilimpendeza sana.

Lakini ile jioni ya Ijumaa, baada ya simu, alifungua madirisha yote kwa sababu ya joto, akaongeza mafuta kwenye taa, akaiwasha mbele ya picha. Upepo wa mlimani ukaingia. Moto uliinamia upande gani, hakuangalia. Alikuwa ameshakaa, amefumba macho, na kile kiti cha pili amekisogeza karibu.